Dramu Kuukuu na Siri za Mlio Wake

Katika ala zote za bendi, hakuna inayotumikishwa zaidi na kutunzwa kidogo kuliko ile dramu ndogo yenye nyuzi za chuma chini yake. Ndiyo inayoongoza hatua za gwaride, na katika muziki wa dansi ndiyo itoayo ule mlio mkavu unaowainua watu vitini. Siku kiwambo chake kinapopasuka hutupwa ghalani, na baada ya miaka kadhaa mnunuzi wa chuma chakavu huiweka juu ya mizani na kulipa bei ya kilo. Kwa mtazamo wa mtu wa sayansi hiyo ni hasara mara mbili. Kwanza, aghalabu ala hiyo ingali hai. Pili, ndani yake mmefungwa somo zima la mitetemo, la metali na la kutu, somo ambalo shule zetu hulitafuta kwa vifaa vya gharama kubwa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi dramu ya namna hiyo inavyoweza kurudishwa katika hali ya kupigika, na kwa nini kila hatua hufanywa kama inavyofanywa. Nitatumia mfano wa dramu moja mashuhuri ya metali, iitwayo Supraphonic, iliyotengenezwa na kampuni ya Ludwig mjini Chicago, Marekani. Nimeichagua kwa kuwa nimeifungua na kuifunga zaidi ya mara moja, na kwa kuwa maradhi yake ni maradhi yanayofundisha.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1909 na ndugu wawili, William na Theobald Ludwig. Mnamo tarehe 9 Februari 1964 watu zaidi ya milioni 70 walimwona Ringo Starr wa kundi la Beatles akipiga dramu zenye jina la Ludwig katika televisheni ya Marekani, na tangu hapo kiwanda kikashindwa kuyatosheleza mahitaji. Mwaka 1981 kampuni iliuzwa, na mwaka 1984 shughuli zikahamishiwa Monroe, North Carolina. Kwetu sisi, dramu za aina hii ziliingia zamani zaidi na kwa njia nyingine, yaani pamoja na bendi za kijeshi za wakoloni. Vijana wa pwani walizitazama bendi hizo, wakaziiga na kuzifanyia mzaha, na kutokana nazo wakaunda ngoma ya Beni, ambayo kutoka Lamu na Mombasa ilienea hadi bara katika miaka ya vita vya 1914 hadi 1918.

Kabla ya kufungua chochote

Kazi ya kwanza ni kutambua dramu imetengenezwa kwa kitu gani. Rangi haitoshi, maana juu ya mzinga pana ngozi nyembamba ya kromi, na kromi iking'aa juu ya shaba au juu ya alumini huonekana vilevile. Sumaku hutenga chuma na visivyo chuma. Mizani humaliza shauri lililobaki.

Mwanafunzi anaweza kufanya hesabu hii mwenyewe. Dramu ya kawaida ina kipenyo cha inchi 14, yaani sentimita 35.6, na kina cha inchi 5, yaani sentimita 12.7. Mzingo wake ni sentimita 112 hivi. Tukichukua unene wa milimita 1, ujazo wa metali yenyewe ni kiasi cha sentimita za ujazo 142. Shaba ya manjano, ambayo ni aloi ya shaba na zinki, ina densiti ya gramu 8.5 kwa sentimita moja ya ujazo. Alumini ina gramu 2.7. Kwa hiyo mzinga mtupu wa shaba utakuwa na uzito wa kilo 1.2, na ule wa alumini gramu 380 tu. Tofauti hiyo huhisiwa hata na mkono usiozoea. Supraphonic za mwanzo kabisa zilikuwa za shaba ya manjano. Kuanzia mwaka 1963 hivi kiwanda kiligeukia alumini. Nambari iliyopigwa katika kibandiko cha dramu haitoi ushahidi wa kutosha juu ya mwaka, kwa sababu vibandiko vilichukuliwa kutoka sandukuni bila kufuata mpangilio. Mizani haina tabia hiyo.

Katikati ya mzinga kuna tuta jembamba lililozunguka pande zote. Si pambo. Ni kanuni ileile ya mikunjo ya mabati ya nyumba: bamba lililokunjwa hukataa kupinda kuliko bamba lililo wazi.

Ugonjwa wa kromi

Atakayeikuta dramu ya alumini ya miaka ya 1960 atakuta, takriban bila shaka, vipele vidogo juu ya uso wake, na mahali pengine magamba yaliyobanduka. Wengi hufikiri kwamba dramu imeliwa na kutu ya chuma. Sivyo. Alumini ikiguswa na hewa hujivika mara moja utando mwembamba wa oksaidi, na utando huo huifanya iwe metali ngumu sana kupakwa metali nyingine juu yake. Kromi iliyopakwa hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Unyevu na chumvi ya jasho hupenya humo, na hapo hutokea kitu ambacho wanafunzi wa kemia wamekwisha kukisoma: metali mbili tofauti zikigusana ndani ya kimiminika chenye chumvi, huwa betri. Katika betri hiyo alumini ndiyo inayotoa elektroni, ndiyo inayoliwa. Mabaki yake ni unga mweupe ambao huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, na unga huo ndio unaoiinua kromi kutoka chini kama mzizi unavyoinua sakafu.

Je, tuibandue kromi yote na kuipaka upya? Rai yangu ni kwamba tusifanye hivyo. Vipele havibadilishi mlio kwa kiasi chochote ambacho sikio litakitambua. Aidha, kazi ya kupaka kromi hutumia kromi ya valensi sita, ambayo ni sumu inayosababisha saratani. Haifai kabisa kujaribiwa katika karakana ya shule, wala kupewa fundi asiye na njia ya kutupa maji yake machafu. Vilevile tindikali ya betri ya gari, ambayo mafundi wengine huipenda mno, huila alumini yenyewe baada ya kuondoa kromi. Sabuni laini, maji ya vuguvugu na kitambaa cha pamba vinatosha. Dramu yenye umri wa miaka 60 ina haki ya kuonyesha umri wake.

Mzinga wa shaba nao una hatari yake, na hapa inafaa kusimama kidogo. Katika karne ya 19 majeshi ya Uingereza yaliyokuwa India yalipata tatizo lililowashangaza wahandisi: maganda ya risasi, yaliyotengenezwa kwa shaba ya manjano, yalipasuka yenyewe ghalani wakati wa masika, bila kupigwa wala kuangushwa. Maelezo kamili yalipatikana mwaka 1921, pale Moore na wenzake walipoonyesha kwamba mambo mawili lazima yakutane: mkazo uliobaki ndani ya metali tangu ilipofinyangwa, na amonia kidogo hewani. Amonia hiyo ilitoka katika mkojo wa farasi, kwa kuwa mara nyingi risasi zilihifadhiwa mazizini. Sasa, mzinga wa dramu nao umefinyangwa bila kupashwa moto, na umebaki na mkazo ndani yake. Tena baadhi ya dawa za kung'arishia shaba zina amonia. Msomaji ataunganisha mwenyewe. Soma maandishi ya chupa kabla ya kuifungua, na usiihifadhi dramu ya shaba karibu na banda la kuku.

Kufungua na kusafisha

Piga picha au chora mchoro kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza. Trei ya mayai ni chombo bora kwa kazi hii: kila skrubu huwekwa katika tundu lenye nambari ya mahali ilipotoka. Skrubu zilizokaa mahali pamoja kwa miongo kadhaa zimezoeana na nati zake, na kuzichanganya ni kujitafutia usumbufu. Skrubu iliyoshikwa na kutu isilazimishwe. Itiwe mafuta mepesi ya kulainisha, iachwe usiku kucha, na asubuhi izungushwe huku na huku kwa robo ya mzunguko. Vishikio vya skrubu vilivyopo ubavuni ni vya zinki iliyomiminwa katika kalibu, nayo ni metali isiyopinda: hupasuka ghafla bila kuonya. Ndani ya vishikio hivyo mna vispringi, na vispringi vikilegea hutoa mlio wa pembeni unaoudhi. Kipande kidogo cha pamba kikiwekwa ndani yake huvinyamazisha.

Skrubu zote zioshwe kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, mbali na moto, zikaushwe, kisha zipakwe grisi kidogo. Pete za chuma zilizopakwa kromi husafishwa kwa karatasi ya alumini iliyofinyangwa na kuloweshwa maji. Alumini ni laini kuliko kromi, hivyo haiikwaruzi, lakini huondoa madoa ya kutu.

Halafu huja ukingo, yaani mdomo wa mzinga ambapo kiwambo hulala. Ukingo huu ndio unaoamua kama kazi yote itafaulu. Weka mzinga juu ya kioo kinene kilicho bapa, zima taa za chumba, na uwashe tochi ndani ya mzinga. Mahali ambapo mwanga unapenya pana bonde. Katika upande wa chini utaona mabonde mawili marefu, yenye kina kidogo sana, yakielekeana. Usithubutu kuyasawazisha! Yametengenezwa kwa makusudi ili nyuzi ziulalie utando wa chini sawasawa. Nimeziona dramu mbili zilizosuguliwa na fundi mwenye bidii hadi mabonde yakatoweka, na tangu siku hiyo nyuzi zake hazijatulia.

Kuwamba

Hadi katikati ya miaka ya 1950 viwambo vyote vya dramu vilikuwa vya ngozi, hasa ya ndama. Ngozi hunywa unyevu wa hewa na kulegea, na ndiyo sababu wapigaji wetu huziota ngoma zao motoni kabla ya kuzipiga. Katika miaka ya 1956 na 1957, Chick Evans na Remo Belli huko Marekani walianza kuuza viwambo vya plastiki ya poliesta, ambayo haijali mvua wala jua. Leo dramu karibu zote hutumia plastiki hiyo.

Akitokea mtu anayetaka kurudisha ngozi, na mlio wake wa upole unastahili kutakwa, na achukue tahadhari. Ngozi ya ngoma haipitii dawa za kiwanda cha ngozi, na mbegu za kimeta huweza kuishi ndani yake miaka mingi. Mwaka 2006 mtengenezaji wa ngoma mjini New York aliugua kimeta cha mapafu kutokana na ngozi zilizotoka Afrika Magharibi, alipona. Mwaka 2008 mwenzake mjini London alifariki. Vumbi la kukwangua manyoya ndilo lililowaingia kifuani. Ngozi ya mnyama aliyejifia porini au aliyechinjwa kwa sababu alikuwa mgonjwa isiguswe kabisa. Itumike ile tu ya mnyama aliyekaguliwa machinjioni.

Kiwambo kikishawekwa pamoja na pete yake, skrubu zote 10 hukazwa kwa vidole tu mpaka zikatae. Kisha ufunguo huchukua zamu: nusu mzunguko kwa skrubu moja, halafu nusu mzunguko kwa ile inayoelekeana nayo, na kuendelea hivyo kwa kuvuka. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wao walikuwa wakiusema ubinafsi wa watu, lakini msemo huo ni kweli pia katika karakana: anayekaza skrubu kwa kufuatana, moja baada ya jirani yake, huipeleka pete upande mmoja, na baada ya hapo hakuna ufunguo utakaopata mlio mmoja safi.

Nguvu zinazohusika si ndogo. Chukua mkazo wa nyutoni 3,000 kwa kila mita ya mzingo. Mzingo ni mita 1.12, hivyo jumla ni nyutoni 3,350 hivi. Tukiacha msuguano, kila skrubu kati ya 10 hubeba nyutoni 335, sawa na uzito wa kilo 34, yaani karibu debe mbili za mahindi zikining'inia katika kijiskrubu chembamba kuliko kidole cha mtoto. Sasa inaeleweka kwa nini zinki hupasuka.

Kutokana na mkazo huohuo tunaweza kukisia sauti. Frikwensi ya chini kabisa ya kiwambo cha mviringo hupatikana kwa kugawanya mkazo kwa uzani wa kila mita ya mraba, kutafuta kipeo cha pili cha jibu, kulizidisha kwa 0.766 na kuligawanya kwa kipenyo. Kiwambo cha juu chenye unene wa milimita 0.25 kina uzani wa gramu 350 kwa mita ya mraba, na jibu ni mitetemo 200 hivi kwa sekunde. Utando wa chini una unene wa milimita 0.076 tu, kwa mkazo uleule frikwensi yake ingekuwa mara 1.8 zaidi. Katika dramu halisi hesabu hizi hupotoka, kwa sababu hewa iliyofungwa kati ya viwambo viwili huviunganisha kama springi, kimoja kisiweze kutikisika bila kumwarifu mwenzake.

Jambo jingine ni hili. Uzi wa gitaa hutoa mitetemo ambayo ni mara 2, mara 3, mara 4 ya ule wa kwanza, na sikio huisikia kama noti moja. Kiwambo hakifuati utaratibu huo: mitetemo yake ni mara 1.59, mara 2.14, mara 2.30, na kadhalika. Ndiyo maana ni vigumu kuimba sauti ya dramu. Mwanafizikia wa India, C. V. Raman, alieleza mwaka 1920 jinsi mafundi wa kwao walivyoshinda tatizo hili kwa kupaka ujiuji mzito katikati ya ngozi, hadi mitetemo ikajipanga kama ya uzi. Mafundi hao hawakuwa na hesabu ya Bessel. Walikuwa na masikio na karne kadhaa za subira.

Nyuzi na mikono

Mkwiro unapogonga juu, hewa husukumwa chini. Mgandamizo hufika utando wa chini katika muda usiozidi nusu ya elfu moja ya sekunde, maana sauti hukimbia mita 345 kwa sekunde na safari ni sentimita 12.7 tu. Utando hushuka na kuzirusha nyuzi. Nyuzi huachana nao, kisha hurudi na kuupiga mara nyingi kwa haraka. Mapigo hayo ndiyo yatoayo ule mlio wa mchanga ukimwagwa juu ya bati. Nyuzi zikilegezwa mno hupwaya na kubaki zikilia baada ya pigo. Zikikazwa mno, pigo dogo halina nguvu ya kuzirusha, na dramu huwa bubu kwa mpigaji mpole. Mahali pa kati hupatikana hivi: piga kwa ncha ya kidole, huku ukikaza taratibu, na usimame mara tu kidole kinaposikika.

Katika kupiga, pigo la katikati kabisa huamsha zaidi ile mitetemo inayopungua upesi, nalo huwa fupi na kavu. Kadiri mkwiro unavyoelekea ukingoni ndivyo mitetemo mingine inavyoamka, na mlio hurefuka. Mkwiro wenyewe usikamatwe kwa nguvu. Kiwambo huurudisha juu bure, na ufundi mwingi wa dramu ni kuutumia mrudisho huo kupata pigo la pili bila gharama. Mazoezi ya msingi yaliwekwa pamoja mjini Chicago mwaka 1933 na wapigaji 13, mmoja wao akiwa William Ludwig mwenyewe. Yalikuwa 13 hapo mwanzo, na mwaka 1984 orodha ya kimataifa ilifikia 40. Anayeanza asihangaike na 40. Pigo mojamoja, pigo mbilimbili, na mchanganyiko wa hayo mawili vinamtosha kwa mwaka mzima.

Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, lakini sikio hutangulia. Dramu ikipigwa kwa nguvu hupita desibeli 100 bila taabu kwa aliye karibu nayo. Kipimo kinachokubaliwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Katika desibeli 100 muda uliobaki ni dakika 15. Chembe za kusikia zikifa ndani ya sikio hazioti tena. Bendi ya shule inayofanya mazoezi ndani ya darasa lenye kuta za saruji na paa la bati haina budi kutoka nje chini ya mwembe, na mpigaji avae viziba masikio.

Kwa mwalimu atakayeifufua dramu ya namna hii, kuna jaribio moja lisilohitaji kifaa chochote. Iweke dramu juu ya kinara chake, nyuzi zikiwa zimefungwa, wala asiiguse mtu. Mwanafunzi mmoja apige gitaa au aimbe karibu nayo, akipanda noti moja moja polepole. Kwa noti nyingi dramu itakaa kimya. Kwa noti moja au mbili nyuzi zitaanza kuvuma zenyewe. Iandikwe noti hiyo daftarini, kisha skrubu zote za chini zikazwe kwa robo ya mzunguko, na mwanafunzi yuleyule aanze tena kupanda.